Kushusha Gia kwa Kisigino na Vidole: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ni yale yale: mguu unakaaje juu ya pedali mbili, kwa nini gari linashtuka, kwa nini breki inalegea kila ukipiga resi, na je, gari langu linafaa? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa mazoezi. Usiruke hatua. Karibu kila anayekwama kwenye jambo hili amekwama kwa sababu alianza na hatua ya sita.

Kwa ufupi, kinachofanyika ni hiki. Unafunga breki kwa mguu wa kulia. Mguu huohuo, bila kuachia breki hata kidogo, unagusa pedali ya mafuta wakati klachi imekanyagwa, mizunguko ya injini inapanda, nawe unaingiza gia ya chini na kuachia klachi. Injini na magurudumu vinakutana vikiwa na mwendo mmoja, kwa hiyo gari halishtuki.

Nadharia inayohitajika ni ndogo. Gia ya chini inaitaka injini izunguke zaidi kwa mwendo uleule wa gari. Usipoipandisha mwenyewe, diski ya klachi ndiyo itakayoivuta injini ipande kwa msuguano, na nguvu ya kuivuta itatoka kwenye magurudumu. Ndiyo maana pua ya gari inainama na abiria anatikisa kichwa. Kwenye lami kavu hilo ni kero. Kwenye barabara yenye maji, katikati ya kona, na gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, mvuto huo unaweza kuyafanya magurudumu ya nyuma yateleze na mkia ukakupita.

Je, ni lazima kuijua mbinu hii ili kuendesha vizuri? Hapana. Mjini inatosha kufunga breki, kupunguza mwendo, kisha kushusha gia kwa utulivu. Kisigino na vidole kina kazi pale breki na gia vinapohitajika kwa wakati mmoja: kwenye uwanja wa mbio kabla ya kona, au kwenye mteremko mrefu wenye kona za mfululizo ambapo unapunguza mwendo na papo hapo unataka gia ya chini iwe tayari.

Kabla hujaanza

Gari liwe la gia za mkono na lenye mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) kwenye dashibodi. Bila mshale inawezekana kwa kusikiliza injini, lakini utachukua muda mrefu zaidi.

Breki ziwe nzima. Kanyaga pedali injini ikiwa inawaka: iwe ngumu na isimame mahali pamoja. Ikizama taratibu, au ikiwa laini kama sponji, usifanye zoezi lolote hapa mpaka fundi aangalie oili ya breki, hewa kwenye mfumo na hali ya pedi.

Kapeti ya upande wa dereva ifungwe kwenye vishikizo vyake. Kama haina vishikizo, itoe kabisa. Mguu utakuwa unapinda na kuburuta kisigino, na kapeti inayosogea inaweza kuinasa pedali ya mafuta.

Kiatu kiwe chembamba, chenye soli nyembamba isiyochomoza pembeni. Buti la kazi na raba nene za kukimbilia zinakunyima hisia, na ukingo wake hugusa pedali usiyoikusudia. Huhitaji viatu vya mbio: dereva wa Formula One Ayrton Senna aliendesha Honda NSX kwenye uwanja wa mbio wa Suzuka, Japani, akiwa amevaa viatu vya ngozi vya kawaida. Ndala, viatu vya visigino virefu na miguu pekupeku, hapana.

Kiti kisogezwe mpaka klachi ikikanyagwa hadi mwisho goti la kushoto libaki limepinda kidogo, na kisigino cha kulia kifike sakafuni bila mguu kunyooka. Wengi wanakaa mbali mno. Ukikaa mbali, kifundo cha mguu hakina nafasi ya kuzunguka, na unaishia kuivuta breki kwa paja zima.

Mahali pawe eneo kubwa tupu au barabara iliyonyooka isiyo na magari wala watu, na uwe na ruhusa ya kulitumia. Hakikisha hakuna mtu nyuma yako, kwa sababu utakuwa unafunga breki bila sababu inayoonekana.

Pima pedali

Hili ndilo linaloamua kama gari lako litakupa urahisi au litakusumbua. Washa injini, tia gia huru, vuta breki ya mkono, kisha kanyaga breki kwa nguvu kama unayotumia kusimama haraka. Tazama chini mara moja. Breki iliyokanyagwa inapaswa kuwa sawa na pedali ya mafuta au juu yake kwa sentimita moja au mbili. Ikiwa hivyo, gari linafaa.

Ikiwa breki inazama chini ya pedali ya mafuta, mguu wako utakanyaga mafuta kila unapofunga breki kwa nguvu. Hiyo ni hatari, na mara nyingi ni dalili ya breki zenye hewa au zinazohitaji kurekebishwa. Ikiwa breki inabaki juu sana, zaidi ya sentimita nne hivi, utalazimika kupinda mguu mno kuyafikia mafuta.

Hapa pia ndipo lilipo jibu la malalamiko ya kawaida kuliko yote: "Nikiwa natembea polepole siyafikii mafuta." Ni kweli, huwezi kuyafikia. Ukifunga breki kidogo, pedali yake iko juu na ya mafuta iko chini mbali. Mbinu hii inakaa vizuri breki inapokuwa ngumu kiasi. Kuijaribu ukikaribia taa nyekundu kwa breki laini ni kujifunza katika mazingira magumu zaidi kuliko uwanja wa mbio.

Pata namba za gari lako

Usikisie resi. Ijue.

Endesha mwendo usiobadilika wa kilometa 50 kwa saa kwenye gia ya nne, andika mshale unasoma ngapi. Rudia gia ya tatu, kisha ya pili, kwa mwendo uleule. Tuseme umepata 1,700, 2,400 na 3,400. Sasa unajua kwamba ukiwa 50, kutoka nne kwenda tatu unahitaji kuongeza mizunguko 700, na kutoka tatu kwenda pili unahitaji 1,000. Pengo hukua kadiri gia zinavyoshuka, na hukua pia mwendo unapopanda: ukiwa 75, yale 1,000 yanakuwa 1,500.

Namba hizohizo zinakupa mpaka wa usalama. Kama gia ya pili inataka 3,400 kwa kilometa 50, basi kila mizunguko 1,000 ni kama kilometa 14.7. Injini yenye mstari mwekundu (mwisho wa mizunguko inayoruhusiwa) kwenye 6,500 itaufikia ukiwa karibu kilometa 95 kwa saa. Jiwekee mpaka wa chini zaidi, tuseme 75, na usiingize gia ya pili juu ya hapo kamwe. Fanya hesabu hiyo kwa kila gia, uikariri.

Onyo: kizuizi cha mizunguko kwenye kompyuta ya injini hukata mafuta au cheche tu. Hakiwezi kuizuia injini inayozungushwa na magurudumu. Ukitoka gia ya tano ukidhani unaingiza ya nne, kumbe umeingiza ya pili ukiwa kilometa 120, injini hiyohiyo itapelekwa juu ya 8,000 mara tu utakapoachia klachi. Valvu zinaweza kugongana na pistoni, na hapo injini inafunguliwa.

Namna mguu unavyokaa

Jina linadanganya. Kwenye magari mengi ya sasa kisigino hakigusi mafuta. Ziko namna mbili.

Ya kwanza: sehemu nene ya unyayo, ile iliyo chini ya kidole gumba, inakaa upande wa kulia wa pedali ya breki. Ukingo wa kulia wa mguu unaning'inia karibu na pedali ya mafuta. Kupiga resi ni kuuviringisha mguu kuelekea kulia, kama unayezima kipisi cha sigara kwa ukingo wa kiatu. Hii ndiyo inayofaa pedali zilizo karibu, na ndiyo ya kuanza nayo.

Ya pili: vidole na sehemu nene ya unyayo viko kwenye breki, kisigino kinazungushwa kulia na kukanyaga sehemu ya chini ya pedali ya mafuta. Inafaa pedali zilizo mbali, au ya mafuta ikiwa ndefu na imeanzia sakafuni. Inataka kifundo chepesi na goti linaloelekea ndani kidogo.

Chagua moja kulingana na gari, si kulingana na ulivyoona mtu akifanya. Cha msingi ni kwamba sehemu inayofunga breki ni ileile mwanzo hadi mwisho. Kila kitu kingine kinaizunguka.

Hatua ya 1: Injini imezimwa

Kaa garini, breki ya mkono juu. Pampu breki mara tatu au nne mpaka iwe ngumu, kwa sababu busta ya breki itakuwa imeishiwa nguvu. Sasa una pedali iliyosimama juu na imara, nzuri kwa kufundisha mguu.

Weka mguu kwenye breki, ikaze, viringisha mguu na uguse mafuta. Rudi. Fanya mara 50 bila kutazama chini. Ukikosa mafuta, sogeza mguu milimita chache kulia juu ya breki, usirefushe mguu. Ukimaliza utakuwa umejua hasa ni sehemu gani ya kiatu inakaa wapi.

Hatua ya 2: Injini inawaka, gari limesimama

Gia huru, breki ya mkono juu, nje au mahali penye hewa ya kutosha. Anza na resi peke yake, bila breki. Lengo ni kupandisha mshale kutoka chini hadi 3,000 kwa mpigo mmoja mfupi, kisha kuachia. Wanaoanza huisukuma pedali taratibu, na injini inapanda kivivu. Resi ya kushushia gia ni ya kugonga na kuachia, kama unavyobisha mlango. Rudia mpaka uweze kufika 2,500, 3,000 na 3,500 kwa kukusudia.

Kisha ongeza breki. Ikanyage kwa nguvu isiyobadilika, piga resi, sikiliza kwa unyayo. Je, breki ilizama zaidi resi ilipopigwa? Ililegea? Mojawapo hutokea kwa karibu kila mtu siku ya kwanza. Usisonge mbele mpaka isitokee.

Hatua ya 3: Resi na gia bila breki

Sasa barabarani, mwendo wa kilometa 50, tambarare, gia ya nne. Huu ni ujuzi wa mikono na mguu wa kushoto, na breki haihusiki kabisa.

1. Kanyaga klachi hadi mwisho.
2. Toa gia ya nne, peleka mkono kwenye ya tatu.
3. Mkono ukiwa njiani, gonga resi.
4. Ingiza ya tatu.
5. Achia klachi mshale ukiwa unakaribia namba uliyoandika.

Sikiliza mwili wa gari. Pua ikiinama, resi ilikuwa ndogo au ulichelewa kuachia klachi. Gari likiruka mbele, ilikuwa kubwa. Ukiona mshale haukutikisika klachi ilipoachiwa, umepata. Rudia nne kwenda tatu mara 20, kisha tatu kwenda pili. Ukiweza kufanya tano mfululizo bila mshtuko, endelea.

Kosa la hapa ni kuachia klachi polepole ili kuficha resi mbaya. Gari halishtuki, ni kweli, lakini diski ya klachi ndiyo inayolipa. Resi ikiwa sahihi, klachi inaachiwa haraka, bila kunyemelea.

Hatua ya 4: Breki na resi bila gia

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayotenganisha anayejua na anayebahatisha. Weka chupa ya maji iliyojaa nusu, imefungwa vizuri, kwenye kishikio cha vikombe mahali unapoiona kwa pembe ya jicho, au mwombe abiria akae akiangalia mbele.

Nenda kilometa 60 kwa saa. Kanyaga klachi, tia gia huru, achia klachi. Funga breki kwa nguvu ya wastani isiyobadilika mpaka 20, na njiani upige resi mara mbili.

Tazama maji. Breki ikishika, maji yanainama mbele na yanapaswa kukaa yameinama hivyo hivyo. Yakirudi nyuma kidogo kila unapopiga resi, mguu unaachia breki. Yakiruka mbele, mguu unaisukuma. Kichwa cha abiria kinasema jambo hilohilo.

Tiba ya mguu unaoachia: kaza breki zaidi kidogo kabla ya kugusa mafuta, na uzungushe kifundo tu, goti libaki limetulia. Tiba ya mguu unaosukuma: umeweka unyayo mbali mno na mafuta, kwa hiyo unayafikia kwa kuegemea breki. Sogeza mguu kulia.

Usione haya kukaa kwenye hatua hii siku tatu au nne. Resi mbaya inakupa mshtuko mdogo. Breki inayolegea mita 20 kabla ya kona inakupeleka nje ya barabara.

Hatua ya 5: Tazama mbele

Rudia hatua ya 3 na ya 4, safari hii bila kutazama mshale wala pedali. Macho yako mbele, masikio kwenye injini. Kila mizunguko ina sauti yake, na baada ya siku chache utajua 3,000 kama unavyojua sauti ya mtu wa nyumbani.

Hatua ya 6: Vyote pamoja

Nenda kilometa 80, gia ya nne. Utashusha kwenye ya tatu ukiwa kama 55, ambapo kwa gari la mfano wetu injini inatoka 1,900 kwenda 2,600.

1. Ondoa mguu kwenye mafuta, weka unyayo kwenye breki, upande wa kulia wa pedali, na uikaze. Breki ndiyo inayotangulia, kila mara.
2. Subiri mwendo ushuke. Hapa ndipo watu wanaharakisha. Gia haina haraka.
3. Ukifika kama 55, kanyaga klachi hadi mwisho. Breki haibadiliki.
4. Toa nne, elekeza mkono kwenye tatu.
5. Viringisha mguu, gonga resi, rudisha. Breki haibadiliki.
6. Ingiza tatu na uachie klachi papo hapo, kabla mizunguko haijaanguka.
7. Endelea na breki mpaka mwendo unaoutaka, kisha iachie taratibu.

Kuanzia 3 hadi 6 kusizidi kama sekunde moja. Mwanzoni itakuchukua mbili, na mizunguko itakuwa imeshaanguka unapoachia klachi, ndiyo sababu utashtuka. Dawa si kupiga resi kubwa zaidi. Dawa ni kupunguza muda kati ya resi na klachi: resi ipigwe mkono ukiwa tayari unaingiza gia, isipigwe mapema ukiwa bado unatoa ile ya juu.

Kumbuka pia kwamba mwendo unaendelea kushuka wakati unafanya yote haya, kwa hiyo resi inayohitajika ni ndogo kidogo kuliko namba ya mwendo ulioanza nao.

Fanya kwa dakika 20, si zaidi. Mguu unachoka bila kukuambia, na breki zinapata moto. Baada ya mara nane au kumi, endesha dakika chache bila kufunga breki ili hewa izipoze. Pedali ikianza kwenda chini zaidi kuliko mwanzo, au ukinusa harufu ya kuungua, acha kwa siku hiyo.

Hatua ya 7: Tatu kwenda pili, kisha kona

Tatu kwenda pili ndiyo ngumu, kwa sababu ya pengo. Anza ukiwa 40. Ikikaa, unganisha nne, tatu, pili ndani ya breki moja, kila gia kwa wakati wake na kila mara kwenye mwendo ulio chini ya mpaka uliojiwekea. Unaweza pia kuruka gia, kutoka nne hadi pili moja kwa moja mwishoni mwa breki, kwa resi moja kubwa. Wengi huona hiyo rahisi zaidi, na hakuna ubaya.

Kona ije mwisho. Kanuni ni moja: klachi iwe imeshaachiwa na gia imeshashika kabla hujazungusha usukani. Ukijikuta unapiga resi huku usukani umeshakatwa, ulichelewa kufunga breki au ulichelewa kushusha. Rudi nyuma kwa kupunguza mwendo wa kuingilia.

Gia ya kwanza iache. Pengo lake ni kubwa, na kona inayoitaka inaweza kuchukuliwa kwa ya pili.

Makosa yanayoumiza gari au mtu

Kushusha mapema. Ukiingiza gia ya chini kabla breki haijafanya kazi yake, unaitumia injini kusimamisha gari. Kusimamisha ni kazi ya breki. Gia inaandaa kutoka kwenye kona.

Kutegemea ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) ikuokoe na gia mbaya. ABS inapunguza nguvu ya breki kwenye gurudumu linaloteleza. Mvuto wa injini hautoki kwenye breki, kwa hiyo haiwezi kuuondoa. Baadhi ya magari yana mfumo unaoongeza mafuta kidogo hali hiyo ikitokea, lakini usijifunze ukiutegemea.

Kukanyaga klachi mapema na kubaki nayo chini kwa safari yote ya breki. Gari linaelea bila gia, na ukihitaji kuongeza mwendo ghafla huna kitu.

Kushika gia kwa ngumi. Mkono unaosukuma kwa hasira ndio unaoikosa nne na kuipata pili. Kiganja kilegee, kisukume kijiti cha gia kuelekea upande wa gia unayoitaka, kiache chenyewe kipate njia. Hili ni kwa gari la usukani wa kulia na wa kushoto vilevile. Mpangilio wa pedali haubadiliki, unaobadilika ni mkono tu.

Ikiwa haifanyi kazi

*Nikikanyaga breki, resi haipandi kabisa.* Gari lina pedali ya mafuta ya umeme, na kompyuta yake inakata mafuta pedali mbili zikikanyagwa pamoja. Jaribu gari likiwa limesimama: kanyaga breki, kisha gonga mafuta. Baadhi ya magari hukubali mpigo mfupi na kukata ule wa kushikilia tu. Kama lako linakata kila mara, usichezee mfumo huo, uliwekwa kwa ajili ya usalama. Tumia hatua ya 3: maliza breki, kisha shusha gia kwa resi.

*Resi inapanda kwa kuchelewa.* Ni kawaida kwa injini za dizeli, za turbo, na zenye flaiwili (gurudumu la chuma linalozunguka na injini) nzito. Gonga mapema kidogo na ushikilie kwa muda mrefu zaidi. Kama gari lina hali ya michezo (Sport), iwashe, kwa kawaida pedali inakuwa nyepesi kuitikia. Kwa dizeli kumbuka kwamba mstari mwekundu uko chini, mara nyingi kati ya 4,500 na 5,000, kwa hiyo mipaka yako ya mwendo ni midogo.

*Gari linapiga resi lenyewe ninaposhusha.* Lina mfumo wa kulinganisha mizunguko. Nissan 370Z ya mwaka 2009 ndiyo iliyoanza nao, na sasa magari mengi ya michezo ya gia za mkono yanao. Uzime wakati wa mazoezi, la sivyo hutajua kama resi ilikuwa yako.

*Gia inakwaruza.* Kwanza hakikisha klachi inafika mwisho. Mguu wa kulia unapopinda, wa kushoto nao huwa unalegea bila kujijua. Kama klachi iko chini kabisa na bado gia ya pili inakwaruza, sinkronaiza (kifaa cha giaboksi kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana) inaweza kuwa imechoka, au oili ya giaboksi bado ni baridi. Pasha gari kwa dakika 15 za kuendesha, ujaribu tena. Kwa giaboksi iliyochoka, na kwa malori ya zamani yasiyo na sinkronaiza, kuna mbinu ya kukanyaga klachi mara mbili: kanyaga klachi, tia gia huru, achia klachi, piga resi, kanyaga tena, ingiza gia. Kwenye gari zima la sasa huna haja nayo.

*Siyafikii mafuta hata breki ikiwa ngumu.* Jaribu namna ya pili ya mguu. Ikishindikana, zipo bamba za pedali za kuongeza upana au kimo, zinazofungwa kwa skrubu na nati. Usitumie gundi, wala kipande cha mbao kilichofungwa kwa mpira. Ukishafunga bamba, kanyaga mafuta hadi mwisho mara kumi na uangalie kama pedali inarudi yenyewe bila kugusa breki wala ukuta wa pembeni.

*Goti au mfupa wa mbele wa mguu unauma.* Kiti kiko mbali au juu mno. Kisogeze mbele kwa alama moja na ukishushe, kisha urudi hatua ya 1.

*Mara nyingine inakaa vizuri, mara nyingine inashtuka, na sijui kwa nini.* Nguvu ya breki inatofautiana. Ukifunga breki kwa nguvu, mwendo unaanguka haraka na resi inayotakiwa ni ndogo. Ukifunga kidogo, ni kubwa. Chagua alama barabarani, anzia breki palepale, kwa mwendo uleule, kwa nguvu ileile, mara kumi. Mshtuko ukibaki kwenye hali hiyo, tatizo ni resi. Ukiondoka, tatizo lilikuwa breki, na unarudi kwenye hatua ya 4 na chupa ya maji.